Ramani iliyopungua dukani: uchambuzi wa kisa cha vijana watano na dira mbili

Kisa na mipaka yake

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Juni katika msitu mmoja wa Usambara Magharibi. Wahusika ni wanafunzi watano wa klabu ya safari za mafunzo ya shule moja ya bweni pamoja na mwalimu wao mlezi. Jina la shule, mwaka na majina ya wahusika vimeondolewa, na wanafunzi wanatajwa kwa kazi walizopewa siku ile. Nilipewa daftari lao la safari na kopi ya ramani waliyoitumia, kisha nikazungumza na kila mmoja peke yake. Mahali ambapo maelezo yao yalipishana, nimelifuata daftari, kwa sababu liliandikwa kabla ya mtu yeyote kujua kwamba mambo yataharibika.

Hakuna aliyeumia. Faida ya kisa chenyewe ni kwamba karibu kila kitu walichofundishwa walikifanya vizuri, na bado wakapotea.

Usuli

Wanafunzi walikuwa wamejifunza dira kwenye uwanja wa mpira wa shule. Walijua kuweka bamba la dira juu ya ramani kutoka hapa walipo hadi wanakokwenda, kuzungusha duara la nyuzi mpaka mistari yake ilale sambamba na mistari ya gridi, ile inayoigawa ramani katika miraba, kisha kujigeuza wenyewe mpaka ncha nyekundu ya sindano iingie nyumbani kwake, yaani kwenye mshale uliochorwa ndani ya duara. Mwalimu aliwapigisha zoezi la pembetatu: hatua mia kwa nyuzi fulani, ongeza 120, hatua mia tena, ongeza 120, mpaka unarudi kwenye sarafu uliyoiacha chini. Walikuwa hodari. Mmoja wao aliniambia kwa fahari kwamba hakuwahi kuikosa sarafu kwa zaidi ya mita mbili.

Ramani iliyokuwepo ni ile ya mfululizo wa 1:50,000, ambayo shule nyingi zinayo kabatini kwa ajili ya somo la jiografia. Sentimita mbili ni kilomita moja, na kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zinapishana kwa mita 20. Karatasi yenyewe ni kubwa na ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo, kwa hiyo mwalimu aliipeleka steshenari kutoa kopi ya eneo la safari tu. Kijana wa dukani akaweka sehemu ya ukubwa wa A3 juu ya kioo, mashine ikatoa A4. Kopi ilikuwa nyeusi na nyeupe. Pambizo la chini, lenye ule mstari wa kupimia umbali, lilikatika. Mwalimu akaandika juu kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni: 1:50,000.

Njia ilikuwa na vipande vitatu. Kwanza kutoka geti la msitu kufuata njia ya magogo hadi njia panda. Pili kuacha njia na kushuka na mgongo wa mlima kwa nyuzi 310 hadi kwenye shingo, yaani pale mgongo unapozama kidogo kabla ya kupanda kilima kinachofuata. Tatu kugeuka nyuzi 220 na kushuka na bonde hadi barabara ya msitu, ambako mwalimu angewasubiri saa saba na nusu mchana. Wanafunzi hawakuwa na simu. Utaratibu wa shule hauruhusu.

Kazi ziligawanywa hivi: Kiongozi, wa kidato cha nne, Mshika Ramani, wawili wenye dira, kila mmoja na yake, na Mhesabu, msichana wa kidato cha pili na mdogo kuliko wote, aliyepewa kuhesabu hatua kwa sababu, kwa maneno ya Kiongozi, "hiyo haihitaji kujua ramani."

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Waliondoka getini saa 2:30 asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye vichwa vya misonobari, lakini njia ilionekana. Mhesabu alikuwa na punje kumi za mahindi mfuko wa kulia. Uwanjani alikuwa amejipima: kila mguu wake wa kushoto ukikanyaga mara 64, zimepita mita 100. Kila zikitimia 64 anahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto.

Kwenye kopi, Mshika Ramani alikuwa amepima kipande cha kwanza kwa rula: sentimita 1.2, yaani mita 600. Walipofika njia panda, Mhesabu alikuwa na punje nane kushoto na kichwani hesabu ya ziada. Daftari linasema: "Njia panda 2:50. Hatua zinatoa 860. Ramani inasema 600." Chini yake, kwa mwandiko wa Kiongozi: "Mhesabu ana hatua fupi. Tumeendelea."

Njia panda ilikuwa pale pale, bila shaka yoyote, na njia mbili zinatengana kama ramani inavyoonyesha. Kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kubishana. Msichana alisema, "Kaka, nilijipima mara tatu uwanjani." Akajibiwa kwamba uwanja si mlima, jambo ambalo ni kweli.

Kipande cha pili kilikuwa sentimita 3.1 kwenye kopi, nao wakakiandika mita 1,550. Waliingia msituni saa 3:05. Hapa dira ilianza kuwasumbua kidogo: ya mmoja, iliyonunuliwa Ulaya na kuletwa kama zawadi, sindano yake ilikuwa inakwama. Akiishika sawasawa, ncha ya kusini inashuka na kugusa chini ya kikombe. Akiiinamisha kidogo, inazunguka huru. Waliamua kwa busara kuifuata dira ya pili na kutumia ile ya kwanza kuthibitisha tu. Mmoja anatangulia hadi mti unaoonekana kwenye uelekeo, wengine wanamfuata, anatangulia tena. Polepole, lakini safi.

Saa 4:10 Mhesabu akasema 1,500. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mti wa mita 30 mbele ni kivuli tu. Mteremko ukalainika, ardhi ikawa tambarare kama upana wa uwanja wa netiboli, kushoto inaanguka kuelekea bondeni. Mshika Ramani akasema, "Ndiyo hapa." Wote wakakubali. Hawakuhesabu hata mita hamsini zilizobaki. Wakageuka nyuzi 220, wakashuka.

Saa 4:45 wakafika kwenye maji. Kwa ramani, wakishuka na bonde lile kijito kingekuwa kinakwenda nao, mbele yao. Hiki kilikuwa kinakata njia yao kutoka kulia kwenda kushoto. Kiongozi akataka wavuke na kuendelea. Mhesabu akapuliza filimbi.

Kulikuwa na kanuni, mwalimu aliiweka, kwamba yeyote akipuliza filimbi mara moja wote wanasimama na yeye ndiye anayeanza kusema. Hapo ndipo ilipotumika kwa mara ya kwanza. Alisema mambo mawili: maji yanakwenda siko, na tangu njia panda hesabu yake haijawahi kukubaliana na ramani.

Uamuzi kando ya kijito

Mabishano yalichukua karibu nusu saa, na mapendekezo yalikuwa matatu.

La kwanza, kufuata maji. "Maji yanaenda kwa watu," alisema mmoja. La pili lilitoka kwa mwenye saa ya mkononi. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo kwenye saa tano, jua likaonekana, naye alikuwa amesoma mahali kwamba ukielekeza mshale mfupi wa saa kwenye jua, katikati ya mshale huo na kumi na mbili ndiyo kusini. Alipofanya hivyo, kusini ya saa ikaangukia mahali ambapo dira inasema kaskazini mashariki. Kwa dakika chache kikundi kizima kikaanza kushuku kwamba dira zimeharibika, na kwamba wamekuwa wakitembea kinyume asubuhi yote.

La tatu ni la Mshika Ramani: kurudi pale walipokuwa na uhakika mara ya mwisho, yaani njia panda, kwa kugeuza nyuzi. Walikuja na 220, warudi na 40. Walikuja na 310, warudi na 130.

Walichagua la tatu. Sababu, kama ilivyoandikwa: "Dira mbili zinakubaliana. Saa ni moja. Njia panda tunaijua, huko chini hatujui." Waliziweka dira zote mbili juu ya jiwe, mbali na panga na kopo la chakula, wakainamisha ile yenye kukwama mpaka ikaachia, tofauti haikufika nyuzi 5.

Matokeo

Saa 6:40 mchana walikuwa njia panda. Hapo Mshika Ramani, akiwa amekaa chini na mwenye wakati, alifanya jambo ambalo lingetakiwa kufanyika shuleni: alipima mraba mmoja wa gridi. Kila mraba kwenye ramani ile ni kilomita moja kwa kilomita moja, kwa hiyo unatakiwa uwe sentimita mbili. Ulikuwa sentimita 1.4.

Waliamua kutorudia njia, kwa sababu wasingefika barabarani kabla ya jioni, wakarudi getini saa 7:05. Mlinzi wa msitu aliwapa chai.

Mwalimu hakuwa anajua lolote kati ya haya. Akiwa barabarani aliamua kuhakikisha mahali alipo: akasoma nambari za mahali kwenye simu, akaziweka kwenye ramani ya asili, na nukta ikaangukia msituni, mita 300 hivi kusini ya barabara. Akahitimisha kwamba amesimama mahali pasipo na kwamba vijana watatokea sehemu nyingine. Saa nane akaingia msituni kuwatafuta, na humo simu haikushika mtandao. Mlinzi alimpata saa kumi kasoro. Kwa hiyo kwa karibu saa tatu vijana walikuwa getini wanakunywa chai na aliyepotea ni mwalimu.

Uchambuzi: kopi

Mashine ikipunguza A3 kuwa A4, kila urefu unabaki asilimia 71. Maandishi "1:50,000" hayapungui; yanabaki na ahadi ambayo karatasi haiwezi tena kuitimiza. Kopi ile ilikuwa na skeli ya takriban 1:70,700. Sentimita 3.1 hazikuwa mita 1,550 bali karibu 2,190. Walipogeuka walikuwa bado na mita 700 hivi mbele yao.

Mstari wa kupimia uliokatika ungewaokoa, kwa sababu ungepungua pamoja na ramani. Ndiyo maana wachoraji wa ramani huweka vyote viwili, uwiano wa nambari na mstari, si pambo. Na hata bila mstari, gridi ipo.

Kupoteza rangi nako kuliwagharimu. Kwenye ramani ya asili kontua ni kahawia na maji ni bluu. Kwenye kopi kontua, vijito na mistari ya gridi vyote vilikuwa nywele za kijivu. Nilipokaa na kopi ile mezani, kwa taa nzuri na bila ukungu, nilichukua muda kutofautisha korongo na kijito chake. Mwanafunzi anayesoma hiyo huku mvua ya matone ikidondoka kutoka kwenye misonobari ana kila haki ya kukosea.

Uchambuzi: hesabu iliyopuuzwa

Hapa ndipo penye kiini cha kisa, kwa maoni yangu. Gawa 860 kwa 600: unapata 1.43. Gawa 1 kwa 0.71: unapata 1.41. Kosa la mashine ya steshenari lilikuwa limeandikwa ndani ya daftari lao saa 2:50 asubuhi, kabla hawajaacha njia. Hatua fupi hazielezi tofauti ya asilimia 40 kwa mtu aliyejipima mara tatu. Mteremko na mizizi huongeza hesabu, lakini kwa njia ya magogo isiyo na kilima kikali nisingetarajia hata nusu ya hiyo.

Lakini waliona njia panda. Macho yalipothibitisha mahali, nambari ikaonekana haina kazi tena, na maelezo ya kwanza yaliyopatikana ndiyo yaliyokubaliwa, hasa kwa vile yalimwangukia mdogo. Wengi tunafundisha kuhesabu hatua kama njia ya kujua umefika. Kazi yake nyingine, ambayo ni kubwa kuliko hiyo, ni kuipima ramani yenyewe. Kipande cha kwanza, kile chenye mwisho usio na shaka, ndicho mahali pa kupimia. Ramani na miguu vikitofautiana hapo, safari haiendelei mpaka tofauti ijulikane imetoka wapi.

Shingo isiyo shingo ilikuwa matokeo tu ya hili. Mtu anayetegemea kuona kitu baada ya mita 1,550 atakiona. Kulikuwa na njia rahisi ya kuhakikisha: shingo ina ardhi inayopanda mbele na nyuma, na kuanguka kulia na kushoto. Wangetembea hatua hamsini mbele kwenye uelekeo ule ule. Kama ardhi inaendelea kushuka, hapo ni bega la mlima. Uwanja wa mpira hauwezi kumfundisha mtu hili, kwa sababu hauna bega wala shingo. Katika mchezo wenyewe wa kukimbia kwa ramani na dira, uliokulia nchi za Skandinavia na wenye shirikisho la kimataifa tangu 1961, wanaoanza huanzia kwenye kuilaza ramani iendane na ardhi na kufuata vitu virefu, njia, ua, kijito, kidole gumba kikisogea juu ya karatasi. Kupima nyuzi huja baadaye. Ramani zao ni za 1:15,000 au 1:10,000, kontua mara nyingi kila mita 5. Kibonde ambacho 1:50,000 yetu inakimeza chote, wao wanakiona. Shule haina ramani hizo, lakini utaratibu wa kuanza na ardhi hauhitaji ramani maalumu.

Uchambuzi: jua, saa na maji

Mbinu ya saa imeandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi kaskazini ya mbali, ambako jua la mchana huwa kusini daima. Usambara iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua letu la mchana liko kaskazini. Miezi mingine liko kusini. Na kuna siku linapita utosini. Mwezi wa Juni saa tano asubuhi lilikuwa kaskazini mashariki. Ile ya kuelekeza kumi na mbili kwenye jua, ya watu wa kusini ya mbali, nayo haiaminiki huku. Ningeiondoa mbinu hii kwenye mafunzo ya Afrika Mashariki kabisa, bila kuitafutia marekebisho.

"Fuata maji" ni ushauri wa tambarare. Milima hii inakatika ghafla kuelekea nyanda za Mombo na Mkomazi, na mito yake hushuka kwa maporomoko. Aliyepita kwenye maporomoko ya Soni amejionea. Kijito kile kingewafikisha kwa watu, kweli, lakini ningependa kwanza kujua kinaangukia wapi.

Kuhusu dira iliyokwama: haikuwa mbovu. Nguvu ya sumaku ya dunia hailali sambamba na ardhi. Huko Ulaya huivuta ncha ya kaskazini chini, kwa hiyo watengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini. Huku kwetu mvuto umegeuka, pembe yake ni kama nyuzi 30 upande wa pili, na uzito ule unazidisha tatizo. Anayenunua aulize dira iliyosawazishwa kwa ukanda wetu au ya dunia nzima. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku, inayoonyeshwa na dira, na ya gridi ya ramani, ambayo vitabu vya nje vinaipa kurasa nyingi, huku haifiki nyuzi 3. Kosa la nyuzi moja ni mita 17 tu kwa kila kilomita. Muda wa darasani ningeupeleka kwenye kontua.

Uchambuzi: mwalimu na simu yake

Nambari za mahali alizosoma mwalimu zilikuwa sahihi na ramani ilikuwa sahihi. Simu hutumia mfumo wa kupimia mahali uitwao WGS 84. Ramani hizi zilijengwa juu ya mfumo mwingine, Arc 1960. Nambari ya mahali iliyosomwa kwenye simu ikiwekwa kwenye gridi ya ramani bila kubadilishwa, inaangukia karibu mita 300 kusini ya mahali halisi na kidogo mashariki. Programu nyingi za ramani kwenye simu zinaruhusu kuchagua mfumo. Ni suala la kubonyeza mara chache kabla ya safari.

Kuondoka kituoni ni jambo zito zaidi ya hilo la nambari. Vijana walikuwa na mpango wa kurudi kinyumenyume, na mpango ulifanya kazi. Lakini hakuna aliyewaza kwamba wakirudi getini taarifa itamfikiaje anayesubiri upande wa pili. Anayesubiri akishaanza kutafuta, kuna watu wawili wa kutafutwa.

Kilichobadilishwa

Kopi sasa hutolewa kwa rangi, ukubwa kwa ukubwa, na mwanafunzi ndiye anayepima mraba kabla ya kuondoka na kuandika kipimo nyuma ya karatasi. Umbali hupimwa kwa ukanda wa karatasi uliowekwa alama za gridi yenyewe, si kwa rula. Mlinzi wa getini huachiwa nambari ya simu na maelezo ya njia, na anayesubiri haruhusiwi kuacha kituo kabla ya saa iliyoandikwa.

Kikundi kile kile kilirudia njia ile mwezi wa Septemba, siku ya jua. Hesabu ilitoa mita 2,300 hadi kwenye shingo halisi, na tofauti na ramani ikaandikwa kuwa ya mizizi na mteremko. Mhesabu ndiye aliyeshika ramani. Mwalimu anataka kila kikundi kibebe simu moja ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. Mimi nimekubali, ila nimeomba utaratibu huo usianze mpaka wanafunzi wawe wameonyeshwa, kwenye ramani ya asili, ile nukta ya mwalimu na kwa nini ilianguka pale.